Kuwatoa Wanafunzi Darasani Wakasome Mtoni
Hotuba ya katekista kwa waalimu na wazazi wa Kakese



Tulipoombwa kusema maneno katika siku hizi za jubilei, tulidhani mwanzo kwamba yatupasa kusimulia habari za makanisa na vigango vilivyojengwa tangu Jimbo letu la Mpanda lilipotengwa na Jimbo la Sumbawanga mwaka 2000. Walakini habari hizo wako wenzetu watakaozieleza vema kuliko sisi, kwa maana wao ndio walioshika daftari. Sisi tumechagua jambo dogo, nalo lina ugomvi ndani yake. Je, yafaa kuwatoa wanafunzi wa sekondari darasani, wakaenda kusoma mahali pasipo ubao wala dawati, au ni kuwapotezea siku zao?

Ugomvi twautaja kwa sababu upo hapa hapa Kakese, na baadhi yenu mliousema mmeketi mbele yetu. Mzee mmoja alitukuta njiani akatuambia, "Mwalimu, mtembezi hula miguu yake. Mwanangu nimempeleka shule asome, sikumpeleka atembezwe." Tukamjibu kwa mithali nyingine ya wahenga, kwamba mwenda bure si mkaa bure. Akacheka, akasema, "Hiyo ni ya wavivu." Tuliachana kwa amani, lakini neno lake lilitukaa moyoni, kwa kuwa lilikuwa na kweli zaidi ya alivyojua yeye mwenyewe.

Maana sisi tulikuwa tumekwisha kuwatembeza watoto bure. Safari ya kwanza tuliyoifanya na vijana wa sekondari wa kigango chetu ilikuwa ya lori. Tulichanga fedha, tukapakia vijana na masufuria, tukaenda mpaka Sitalike, penye daraja la mto Katuma, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Waliimba njia nzima. Walipofika walisimama wakawatazama viboko, wakapigana picha kwa simu, wakala wali, wakarudi wakiimba. Siku ya pili yake tuliwauliza, "Mmejifunza nini?" Wakatazamana. Msichana mmoja, mwenye moyo wa kweli, akasema, "Mwalimu, tumeona viboko." Basi. Hapana aliyekuwa na neno la pili. Na kosa halikuwa lao. Sisi tuliwapa kitu cha kutazama, hatukuwapa kitu cha kutafuta.

Tazameni basi waliotutangulia, jinsi walivyosoma.

Kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa wetu huu, ipo Karema. Mbelgiji mmoja, Kapteni Cambier, alijenga kituo pale mwaka 1879, nao Mapadre Weupe wakakabidhiwa kituo hicho mwaka 1885. Mwaka 1889 akafika hapo kijana Mwafrika, jina lake Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akatiwa utumwani angali mtoto, akapelekwa Algeria, akakombolewa na Mapadre hao, na baadaye akapelekwa kisiwa cha Malta, ambako alisomea utabibu. Alikaa Karema akiwa katekista na tabibu hata alipofariki mwaka 1956, yaani miaka 67. Sisi makatekista wa upande huu twamhesabu kuwa babu yetu. Sasa fikirini: elimu ya Malta ilikuwa elimu ya kweli, wala hatusemi kwamba angaliweza kuja bila hiyo akawafaa watu. Lakini hapana kitabu cha Malta kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa Karema, juu ya chakula chao na maji yao na homa zao. Kitabu kilimpa macho. Wagonjwa wenyewe, nyumba kwa nyumba, ndio waliompa cha kuona.

Tukipanda kaskazini kwa ziwa lile lile twafika Gombe, karibu na Kigoma. Mwaka 1960 alikuja pale mwanamke Mwingereza, Jane Goodall, umri wake miaka 26, hana digrii ya chuo chochote. Alikaa mwituni miezi mingi akiwafuata sokwe kwa uvumilivu, na mwaka huo huo akaona sokwe akichukua unyasi, akiutia katika kichuguu, akiutoa umejaa mchwa, akila. Wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba binadamu peke yake ndiye atengenezaye chombo cha kazi. Ikawabidi walifikiri upya neno hilo. Baadaye alikwenda Cambridge akapata shahada ya udaktari. Mwaka 1991, akiwa Dar es Salaam, wanafunzi 12 wa sekondari walikusanyika nyumbani kwake, wakizungumza mambo yaliyowasumbua huko walikotoka. Hapo ndipo kilipoanza chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Yeye mwenyewe alifariki Oktoba 2025, akiwa na miaka 91. Twaipenda habari hii si kwa ajili ya sokwe, bali kwa ajili ya wale vijana 12. Hawakungoja mtu awapakie katika lori. Walikwenda na maswali yao mkononi.

Wazee mwakumbuka pia mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea. Yeye alikuwa amefundisha Tabora, katika shule ya St. Mary's, akajua jinsi shule inavyoweza kumtenga mtoto na kijiji chake. Akataka shule iwe na shamba, na kijana asome huku akifanya kazi. Neno lilikuwa jema. Lakini katika shule nyingi jembe likageuka kuwa fimbo: aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, na aliyefaulu akapumzishwa asilime. Mtoto aliyelelewa hivyo hakujifunza kilimo, alijifunza kukikimbia. Twasema hivi bila kumlaumu mtu, kwani nasi tulikuwa miongoni mwa walioshikishwa jembe namna hiyo, tena tulipofika sisi kuwa waalimu wa vijana tuliwashikisha wengine vile vile. Sasa mtaala mpya waleta masomo ya amali katika sekondari. Twaomba sana fimbo ile isirudi kwa jina jipya.

Basi tukajaribu tena. Ilikuwa Septemba, kiangazi kikali. Mara hii hatukuanza na lori, tulianza na swali, tukaliandika ubaoni juma zima kabla ya safari: Maji ya Kakese huenda wapi?

Mwadhani ni swali la watoto wadogo? Tuliwauliza vijana wa kidato cha tatu. Wote waliweza kuchora mzunguko wa maji, jua na wingu na mvua na mto na bahari, na mishale yake yote, kama kitabu kitakavyo. Lakini kila mmoja aliandika kwamba maji yetu huenda baharini. Hapana hata mmoja aliyejua kwamba mto Katuma hauioni bahari kamwe. Huingia katika Ziwa Katavi na Ziwa Chada, ambayo kiangazi huwa mbuga za majani na matope, kisha maji huendelea kwa jina la Kavuu hadi Ziwa Rukwa. Nalo Rukwa halina mlango wa kutokea. Maji yafikayo kule hukaa kule. Ni jambo la ajabu kwetu sisi waalimu, kwamba mtoto aweza kunywa maji ya bonde hili miaka 16, akalima mpunga ndani yake tangu utoto, na bado akayajua maji ya kitabu tu.

Jumamosi ya kwanza tulikwenda kwa miguu. Tulimwomba mzee mmoja, mkulima wa mpunga, asiyejua kusoma, awe mwalimu wa siku ile. Mwanzo alikataa, akidhani twamfanyia mzaha. Alipokubali alikuja amevaa koti lake la Jumapili. Akawapeleka katika majaruba, akawaonyesha kingo zilivyopandishwa, akawaeleza kwa nini jaruba moja huwa dogo na jingine kubwa, na jinsi ya kujua mwinamo wa shamba pasipo kipimo chochote: fungua maji kidogo, chuchumaa, uyatazame yanakoelekea kabla hujashika jembe. Vijana waliokuwa wakilala katika somo la jiografia waliuliza maswali hata mzee akaomba maji ya kunywa.

Kisha tukaufuata mfereji. Kila mahali tuliposimama, vijana walipima mita 10 kwa kamba, wakatupa jani majini, wakahesabu kwa saa jani lachukua sekunde ngapi kufika mwisho wa kamba. Mahali pa kwanza jani lilikwenda upesi. Mahali pa pili lilikwenda polepole, likizunguka. Mahali pa tatu jani halikwenda. Lilisimama juu ya maji kama limegandishwa. Tukapiga hatua chache mbele, tukaona sababu: palikuwa na banio la magunia ya mchanga, na juu yake bustani ya nyanya, kijani kibichi ajabu katika ukame ule, na chini yake mfereji ulikuwa madimbwi matupu, kambale wadogo wakijisukuma katika tope.

Kijana mmoja, aliyekuwa msemaji kuliko wote tangu asubuhi, alinyamaza. Tuliona, hatukumwuliza. Lilikuwa banio la baba yake.

Jumamosi ya pili tulikwenda Sitalike, kwenye daraja lile lile la safari ya kwanza. Vijana walisimama pale pale, lakini hawakuimba. Walikuwa na madaftari. Maji yalikuwa machache sana, na viboko wamesongamana ndani ya tope hata migongo yao ilionekana kama mawe yaliyopangwa na fundi. Wakawauliza wenyeji wa pale jinsi mto ulivyokuwa zamani, wakaelezwa yale ambayo wataalamu walioupima mto wameyaandika pia: kwamba katika miongo hii ya karibuni Katuma umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi, na kwamba mashamba ya mpunga na mabanio ya upande wa juu, pamoja na miti iliyokatwa, yana sehemu kubwa katika jambo hilo. Hifadhi ile ilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, ikaongezwa mwaka 1998 hata ikawa kilomita za mraba 4,471. Lakini mipaka ya ardhi haiwezi kuyashika maji yaliyozuiwa kabla ya kufika.

Msichana yule yule aliyesema siku za nyuma, "tumeona viboko," alitujia akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hawa wanangoja maji yetu?"

Hatukumjibu. Alikuwa amejijibu.

(Wazee wa pale waliwasimulia pia kwamba jina Katavi latokana na Katabi, mwindaji wa kale ambaye roho yake, kwa imani ya watu wa zamani, hukaa katika mkwaju kando ya ziwa, na watu hupeleka sadaka pale. Kijana mmoja alituuliza kama ni dhambi kuandika habari hiyo katika daftari. Tukamwambia aandike. Sisi hatuabudu mkwaju, lakini yafaa kujua kwamba babu zetu hawakuyakaribia maji yale bila adabu.)

Sasa twaja kwenye jambo gumu, nalo ndilo lililotufanya tuchague maneno haya leo. Tulikuwa tumewaahidi wazazi kwamba vijana watasoma taarifa yao mbele yenu, uwanjani pa kanisa. Je, lile banio litajwe? Waalimu tulibishana jioni mbili. Mmoja wetu alisema, "Tulifute, tusimwaibishe mzazi mbele ya mwanawe." Mwingine akasema, "Tukilifuta, tumewafundisha watoto kwamba elimu husema kweli mpaka ifike mlangoni pa mtu wanayemwogopa." Wote wawili walikuwa na haki, na ndiyo maana hatukumaliza. Mwishowe tulimwita kijana mwenyewe, tukamwambia kwamba ukurasa ule ni wake, aufanye apendavyo, wala hatutamdharau akiuacha. Akaomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake akasema atausoma yeye mwenyewe, lakini kwanza atamwambia baba yake.

Wengi wenu mlikuwapo. Alisoma hivi: "Mahali pa tatu jani halikwenda. Hapo pana banio letu. Bustani iliyo juu yake ndiyo iliyoninunulia sare na madaftari." Akakaa chini. Watu wote kimya. Baba yake akasimama, wala hakukasirika, akasema, "Kweli, ni langu. Nikilibomoa leo, nyanya zitakufa kesho, na huyu atarudi nyumbani. Nionyesheni njia."

Waalimu wenzetu, katika miaka yetu yote ya kufundisha hatujapata kusikia somo la maji lililofundishwa hivyo. Watu walijadili mpaka giza likaingia. Ikakubaliwa kwamba bustani zote za mfereji ule zichukue maji kwa zamu, na usiku mabanio yafunguliwe. Hatutaki kuipamba habari. Mwezi wa Oktoba zamu ilivunjwa mara mbili, na mara ya pili watu nusura wapigane. Tena mto Katuma haukujaa kwa sababu ya daftari la kijana mmoja. Yako mabanio makubwa kuliko ya nyanya. Lakini walioandika hesabu ya zamu, na wanaoishika mpaka leo, ni vijana wale, na wazazi huwaita wapime jani pakitokea ubishi.

Tumesikia manung'uniko, nayo twayapokea. Wako wasemao kwamba mtihani wa Taifa hauulizi habari za Kakese. Ni kweli, hauulizi. Lakini huweza kuuliza habari za mito isiyofika baharini, nao vijana hawa wamesimama juu ya daraja la mmojawapo. Wengine wahofia mamba. Nasi twawahofia; ndiyo maana hapana mtoto ashukaye ukingoni, na kila kijana huandikwa jina anapoondoka na anaporudi.

Neno la fedha ni zito zaidi. Kwa safari ya lori tulidai fedha taslimu, na watoto wa maskini wakabaki nyumbani wakisema kwamba hawapendi safari. Tuliwasadiki, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwetu kuwasadiki. Sasa mzazi hutoa kiasi cha mpunga awezacho baada ya mavuno, na asiye na mpunga hatoi kitu, wala mtu hatangaziwi.

Na wasichana. Katika orodha ya kwanza hawakufika theluthi. Tulidhani ni aibu zao, mpaka mwalimu wa kike alipokwenda nyumba kwa nyumba, akakuta kwamba Jumamosi ndiyo siku ya kuteka maji, kufua na kulea wadogo. Mama zetu, hatukuja kuwalaumu. Twajua kazi za nyumba hazina likizo. Twaomba tu kwamba kwa Jumamosi mbili katika mwaka kaka zao waende kisimani. Mama wawili wa kigango hufuatana na wasichana safari nzima, nao hulala nao ikiwa ni lazima kulala.

Kwa mwaka huu swali limekwisha kuchaguliwa, na ni vijana waliolichagua, si sisi: Mpunga wa Kakese ukitoka hapa huenda kwa nani, na bei yake hupandia wapi? Watauanza shambani, waufuate mashineni, kisha sokoni Mpanda, na hadi kituo cha reli ikiwezekana. Majina yaandikwe kwa mwalimu aliyeketi pale mwishoni mwa benchi. Nanyi ndugu zetu wenye mashine za kukoboa na wanunuzi wa mpunga, twawaomba kwa heshima mkubali kuulizwa maswali na watoto hawa, hata yale ya mizani.